Ngendo, Msomaji wa Vifo

Mtu wa Mukurwe-ini akipigiwa simu na Ngendo, kwanza huketi chini. Si kwamba Ngendo ana ubaya na mtu. Ni ile sauti. Kwa miaka kumi na tisa imekuwa ikiingia majikoni saa saba mchana kutoka Ihiga FM ya Nyeri, ikisema kwa Kikuyu nani amefariki, alikuwa mume wa nani, baba wa nani, na atazikwa wapi. Sokoni wauza viazi humwomba aonyeshe kwa kidole tu anachotaka. Yeye hucheka, lakini akifika nyumbani kicheko huwa kimeisha.

Hata mama yake, Phyllis, hapokei simu yake kabla ya jioni. "Kama ni habari njema, itangoja," husema. Simu yenyewe ni mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, na ujumbe husomewa na jirani. Lakini saa saba ikifika, mama huyo huyo huacha jembe akaongeza sauti ya redio. Ndivyo tulivyo watu wa huku mlimani: habari tunaiogopa, na hatutaki itupite.

Ngendo hakuajiriwa kusoma vifo. Kituo kilipofunguliwa, ghorofani juu ya duka la dawa za ng'ombe, aliajiriwa kupokea wageni na kuchemsha chai. Siku moja msomaji alikauka sauti kwa homa, na mwenye kituo, Gicheru, akamsukuma Ngendo mbele ya maikrofoni. Hakutoka tena. Baadaye akapewa kipindi cha wakulima cha alfajiri, na kadi za salamu za alasiri. Mwaka jana akaja meneja mpya, Kinuthia, kijana wa viatu vyeupe. Wakulima akawafuta, akaleta wachekeshaji. Kadi akazifuta, akaleta utabiri wa mechi. Vifo aliviacha, maana vifo havikosi wateja.

Kazi hiyo ina sheria moja: kinachosomwa ni kilichoandikwa. Karatasi huja na muhuri wa chifu na sahihi ya aliyeileta, na majina hayaguswi bila yeye kukubali. Huku kwetu tangazo la kifo si taarifa tu. Mke asiyesomwa ataambiwa asimame nyuma kaburini, na siku ya kugawa shamba ataulizwa mbona redio haikumtaja. Miaka minane iliyopita Ngendo aliivunja sheria hiyo. Mwanamke mmoja alitoka Kerugoya akilia, ameachwa nje ya tangazo la mumewe. Ngendo akamwonea huruma, akamwongeza hewani kwa mdomo wake. Mazishi yaliisha kwa ngumi, kituo kikaitwa mahakamani, na Gicheru akamlazimisha atie sahihi barua: akirudia, ni kwenda nyumbani.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, akaingia mwanamume mpole wa makamo aitwaye Dedan, ametoka Nanyuki na tangazo la baba yake. Ngendo alilipitishia macho kwa mazoea, kisha akarudi kwenye jina la kwanza. Hezekiah Wambugu. Mume wa Anita, baba wa Dedan na wengine watatu.

Hezekiah Wambugu alikuwa baba yake Ngendo pia. Ngendo alikuwa na miaka tisa mzee huyo alipokwenda Nanyuki kupika hotelini. Alituma barua miaka miwili, kisha akanyamaza. Phyllis hakurudi kwao. Mahari yake ilikuwa imelipwa mbele ya watu, kahawa ilikuwa inamngoja, na kijiji kikaendelea kumwita mke wa Wambugu, naye akaendelea kuitika.

"Mzee alikuwa anakupenda sana, madam," Dedan akasema. "Ikifika saa saba, ati hakuna mtu kuongea kwa hiyo nyumba. Alituambia siku yake ikifika, ni wewe usome."

Ngendo akatafuta kiti. Kumbe mzee alijua. Miaka yote ile alikuwa akimsikiliza mtoto wake akizika watu wa wengine, na hakupiga simu hata mara moja. Ngendo alitaka kufurahi na alitaka kumlaani, yote kwa wakati mmoja.

Akampigia mama yake. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena.

"Dedan," akasema mwishowe, "mimi ni mtoto wa Wambugu. Mama yangu ako Mukurwe-ini, na ndiye bibi wa kwanza. Hii karatasi yako haina sisi."

Dedan alimtazama paji la uso, pana kama lake mwenyewe, na hakubisha. Alitoka kwenye ngazi kumpigia mama yake, Anita. Ngendo hakuyasikia maneno, lakini aliisikia sauti ya mwanamke ikipanda ndani ya simu. Dedan aliporudi hakumwangalia machoni.

"Mathe amesema wewe unaweza andikwa. Mtoto ni mtoto. Lakini mama yako hapana, juu ya mambo ya shamba." Akachukua kalamu. "Niandike?"

Ngendo aliitazama ile kalamu. Miaka yote alikuwa amelitaka jina lake likae kando ya jina la baba, na sasa kilichobaki ni kukubali tu. Lakini Phyllis angesikia nini pale jikoni? Kwamba mtoto aliyemlea peke yake amehamia nyumba ya Anita.

"Acha," akasema. "Itasomwa vile iko."

Nisimpambe bure: aliogopa pia. Aliiwaza barua ya Gicheru, na Kinuthia anayetafuta sababu ya kumfukuza, na umri wake wa miaka hamsini na moja.

Saa saba alisoma. Hakujikwaa. Baada ya "mume wa Anita" alivuta pumzi ndefu kidogo kuliko kawaida, pale ambapo jina jingine lingekaa, kisha akaendelea na siku ya mazishi.

Jioni alimkuta mama yake jikoni akimenya viazi, redio imezimwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikupigia mara tatu, mami."

"Niliona."

Ngendo akamweleza yote: Dedan, Anita, kalamu, ile barua. Alisema kwamba hakukubali kuandikwa bila yeye. Phyllis alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Yule mama wa Kerugoya," akasema, "alikuwa nani yako?"

"Hakuwa mtu wangu."

"Na ulimwongeza."

Akatumbukiza kiazi sufuriani, akachukua kingine. Kesho yake saa saba Ngendo aliketi mbele ya maikrofoni kama kawaida, akasoma vifo vinne. Mukurwe-ini majirani walishangaa: kwa mara ya kwanza, redio ya Phyllis haikulia.