Mashine ya Matapeli Imenikataa Mimi

Leo mashine ya kuwazuia matapeli imenikamata mimi. 😂

Nauza mchele wa kijijini kwetu Mchombe mtandaoni. Sasa ni lazima kila muuzaji athibitishwe kwa alama za vidole, la sivyo ukurasa wake unafungwa Ijumaa.

Sawa. Hata mimi matapeli siwapendi.

Nikaenda kusajiliwa Ifakara mjini. Naweka kidole gumba: taa nyekundu. Cha shahada: nyekundu.

Vyote kumi, jamani!

Dada wa mashine akavitazama. "Alama zimefutika. Kwani unafanya kazi gani?"

"Nalima huo mpunga."

Nyuma yangu kaka mmoja, vidole laini kama andazi, kagusa mara moja tu. Kijani! Nikampongeza, nikamuuliza anauza nini.

"Bado sijaamua, dada."

Haya.

Nikamuuliza dada wa mashine nifanyeje. Akanijibu kwa upole kabisa: "Usishike jembe kwa mwezi mzima, alama zitarudi."

Yaani niache kulima ili niruhusiwe kuuza.

Wakulima wenzangu, nani mwingine kakataliwa?

Na wateja wangu, kuanzia Ijumaa agizeni kwa yule kaka. Mfumo umethibitisha kwamba ni mwaminifu.