Madini ya Paka

Nyumba ile ya Jeddah, mtaa wa Rawdah, tuliangaliana kwa jicho la upande. Madam aliniangalia mimi, mimi nilimwangalia madam, na kamera ya jikoni ilituangalia sote wawili. Mwenye raha zake alikuwa paka peke yake, na hata yeye raha haikudumu.

Paka huyo tulikuja naye kutoka Riyadh. Tulipokuwa tukikaa mtaa wa Suwaidi, baba mwenye nyumba, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alimletea mkewe kitoto cha paka cheupe, manyoya marefu, pua imebonyea kama kimejigonga mlangoni. Madam akaniambia, huyu ni shirazi. Mimi mtu wa Mombasa! Nikamtazama yule kiumbe nikajiuliza, Mshirazi wa wapi huyu, wa Vumba au wa Unguja, mbona hata salamu hatoi? Kumbe kule paka wa aina ile ndivyo wanavyoitwa.

Chakula chake kilikuwa kidari cha kuku. Asubuhi kidari, jioni kidari, kimechemshwa bila chumvi na kuchambuliwa hadi kusibaki hata kifupa kimoja. Hiyo ilikuwa amri ya madam. Nikasema moyoni, huyu si paka, huyu ni mgonjwa wa wadi. Paka wa kwetu hula panya mzima mzima, na mifupa yake, akajilamba akaenda zake.

Basi mimi nilikuwa na kopo la dagaa wakavu niliokuja nao kutoka nyumbani, hao ambao wenzangu wa bara huwaita omena. Kila nikikaa chumbani kula, Mshirazi huja mlangoni akalia. Nikampa dagaa mmoja. Akamtafuna kichwa, miba na mkia, kisha akanitazama kuuliza wengine wako wapi. Ikawa mazoea yetu, wanne watano kila siku, na hakuna aliyejua. Akanawiri yule, akawa anapanda mapazia mpaka juu.

Siku moja madam alimbeba akambusu, akasikia harufu. Alikuja chumbani kwangu moja kwa moja, akalitoa kopo chini ya kitanda, akalimimina kwenye pipa la taka. Nikaapa kwamba ni mara moja tu, ni leo tu, madam. Akasema nikimlisha tena paka wake uchafu wangu, nitakatiwa tiketi ya kurudi kwetu. Uchafu! Kitu ninachokula mimi. Neno hilo liliniuma kuliko hao dagaa waliomwagwa.

Lakini ningefanyaje? Nilitaka kumaliza mkataba wangu na kurudi kwetu kwa heshima, nimeshika cheti na shukrani. Sikutaka kupandishwa ndege kama mzigo uliokataliwa, halafu wakala wangu akanitangaza mtaa mzima kwamba mimi mkorofi. Nikamwambia madam, halas, nimeacha. Na kweli niliacha.

Muda si mrefu baba akahamishwa kazi, tukahamia Jeddah. Siku ya kwanza tu, fundi alikuja kutundika kamera jikoni. Sikuambiwa ni ya nini, na sikuuliza. Madam alisema ni ya usalama, nami nikajua usalama huo unatafutwa kwangu.

Nina shoga yangu kutoka nyumbani, anauza kwenye duka dogo mtaa wa Kandara, humo humo Jeddah. Ijumaa moja alikuja mpaka getini akanipa mfuko wa dagaa. Nikauficha katikati ya nguo, ndani ya begi, na nilipokula nilifunga mlango kwa ufunguo. Paka alikuja akakwaruza mlango, akalia mpaka sauti ikamkauka. Nikamwambia, nenda zako, mwanaharamu we, utanikatia tiketi. Nikala peke yangu.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kuchechemea. Mapazia hakuyapanda tena. Ukimgusa mgongo anapiga ukelele. Madam akaanza kuniuliza maswali ya mzunguko: jana alikuwa wapi? Ulimfungia? Ulimkanyaga? Nami nilikuwa na yangu moyoni, maana nilimwona madam na viatu vyake vya visigino akipita palipolala paka bila kutazama chini.

Kisha asubuhi moja paka akaruka kutoka kwenye kochi, mruko wa kawaida tu, na mguu wa nyuma ukavunjika. Niliusikia. Sebuleni tulikuwa mimi na yeye tu, nimeshika fagio mkononi. Madam akatokea mbio. Akamtazama paka, akalitazama fagio, akanitazama mimi.

"Umempiga."

"Wallahi sijampiga, madam."

Akamfunga paka kwa taulo, akamwita dereva, wakaenda kwa daktari wa wanyama. Mimi nikabaki sebuleni nikiomba dua kimoyomoyo. Kamera ilikuwa jikoni, haikuona kitu. Siku hiyo niliitamani ile kamera, haki ya Mungu.

Walirudi adhuhuri, paka amefungwa mguu kwa bandeji ngumu. Madam akakaa sebuleni akampigia dada yake simu. Mimi huyo, nyuma ya mlango wa jikoni, natega sikio. Kiarabu changu ni cha sufuria na sabuni, kingine hunipita. Ila nilinasa maneno matatu, na aliyarudia zaidi ya mara moja. La kwanza, maadin. La pili, nagis, yaani pungufu. La tatu, shaghala, yaani mtumishi, na hilo ndilo lililokuwa jina langu nyumba ile.

Maadin! Madini! Kwetu madini ni dhahabu, ni almasi, ni vitu vya kuchimbwa. Dhahabu ya madam imepungua, na anayetajwa ni mimi. Yarabi! Asubuhi nimevunja mguu, mchana nimeiba. Woga ulinishika, halafu woga ukageuka hasira, nikasema liwe liwalo. Nikaenda chumbani, nikalikokota begi mpaka sebuleni, nikalipindua juu ya zulia mbele yake.

"Tafuta, madam! Tafuta dhahabu yako!"

Zikamwagika nguo zangu, hadi za ndani, picha za mama, mafuta ya nywele. Na mfuko wa dagaa ukapasuka juu ya zulia lake.

Madam akashusha simu. "Dhahabu gani?"

"Umesema maadin. Nimesikia."

Akanikodolea macho, kisha akaelewa, na kicheko kikamtoka kwa pua. Akanieleza polepole, huku akijigonga mfupa wa mkono. Maadin ni vitu vya mwilini: kalsiamu, fosforasi. Daktari amepiga picha, mifupa ya paka imekuwa myembamba kama biskuti. Nyama tupu ina fosforasi tele na kalsiamu haba, na mwili wa paka anayekua ukikosa kalsiamu kwenye chakula, huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Hata watoto wa mbwa wanaolishwa nyama tupu huvunjika vivyo hivyo, kasema daktari. Hakuna aliyempiga.

Nikashusha pumzi. Lakini mapema mno, maana kicheko kilikuwa kimeshamwisha usoni.

"Riyadh alikula kuku huyuhuyu," akasema, "na alikuwa mzima. Daktari ameniuliza ni nini kimebadilika. Wewe ndiye unayempikia. Umebadilisha nini?"

Hapo nikaona nimekamatika kotekote. Nikinyamaza, nimemdhuru paka. Nikisema, nilimdanganya madam, na tiketi yangu imo kinywani mwangu. Nikawatazama dagaa juu ya zulia.

"Riyadh alikuwa anakula hawa," nikasema. "Haikuwa mara moja. Ilikuwa kila siku, na miba yao. Uliponikataza, niliacha."

Madam akapiga magoti, akaanza kuokota nguo zangu moja moja, akizikunja na kuzirudisha kwenye begi. Nilijua ananifungia mizigo.

"Nasafiri, madam?"

"La. Kesho unakuja na mimi kwa daktari. Anataka kujua alichokuwa anakula, na mimi sijui." Akalishika gauni langu mikononi. Aliponiinulia uso, alikuwa analia. "Ulishanidanganya mara ya kwanza, ungeweza kunidanganya tena ukaendelea kumpa. Kwa nini uliacha?"

Nikapiga magoti nami, nikaanza kuokota dagaa.

"Nilikuogopa, madam."