Shemeji wa Mama Mvua

Kila siku saa tatu asubuhi Mama Mvua huitoa chupa kwenye kipimamvua, akasoma milimita, akaziandika daftarini. Ndiyo kazi yake, na ndiko lilikotoka jina lake. Miaka kumi na tisa sasa anakaa peke yake msituni katika nyumba ya idara: vyumba viwili, baraza, na choo cha nje ambacho mlango wake ulioza zamani, naye hakuomba mwingine. Nani mwenye akili aweke mlango mbele ya bonde zima? Hukaa pale akiwatazama mbega wakirukaruka na majoho yao meupe, nao humtazama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsengenya. Ukungu huingia dirishani bila hodi. Matunda humwangukia uani yakiwa yameshaonjwa, kwa hiyo anajua mapema yapi ni matamu.

Upweke? Alikwisha kukaa miaka minane kwa wakwe, watu kumi na mmoja na bafu moja. Mumewe alipofariki, alifunga sufuria zake akaja huku, na wiki ya kwanza tu akakuta wakwe wamemtangulia. Nyani dume, mwizi wa sabuni, mwenye wake wengi na haya kidogo, akawa Shemeji. Nguruwe mwitu anayekuja bila kualikwa na kuondoka bila kushukuru akawa Mama Mkwe. Hondohondo jike, ndege wa domo kubwa na makelele makubwa zaidi, akawa Wifi.

Majina hayo aliyaandika daftarini, kwenye safu ya "Mengineyo", akijua fika kwamba haisomwi. Kumbe ofisi ya mjini ilikuwa imepata bosi mpya, msomaji wa kila kitu. Barua ikaja: mtumishi anaishi na ndugu wasioruhusiwa katika nyumba ya idara. Mkaguzi anakuja. Ikithibitika, atahama ndani ya siku saba.

Mama Mvua aliisoma mara tatu. Ndugu gani? Chai ikamshinda kunywa. Mjini atapata wapi choo kama kile?

Mkaguzi alifika Jumanne, kijana wa viatu vya kung'aa ambavyo tope lilikuwa limeshavimaliza. Akaketi barazani, akafungua nakala za daftari.

"Mama, shemeji yako yuko wapi?"

"Yupi, mwanangu?"

"Wa tarehe tano. 'Milimita kumi na mbili. Shemeji kaja na wake zake wanne, wamekaa juu ya paa tangu asubuhi.' Wake wanne, mama! Juu ya mali ya idara!"

"Ah, huyo!" Kicheko kikamponyoka. "Wanafika saba. Wengine walinikalia vibaya, sikuwaona vizuri."

"Na hapa: 'Wifi kajifungia ndani, mwezi wa pili sasa, mumewe anamlisha kwa tundu.' Mama, kuna mtu kafungiwa humu?"

"Ndani ya mti, baba. Anaatamia mayai."

Mkaguzi akaiweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliye mbele ya mgonjwa.

"Hao ni wanyama, mwanangu. Wote."

"Nimetembea saa nne nzima, mama. Usinifanye mtoto. Fomu inauliza: ndugu wapo, hawapo? Nitaandika wapo."

Akaishika kalamu tena. Hapo bati likalia juu, kokoto zikamwagika, na Shemeji akatua kwenye ukingo wa baraza, hatua mbili kutoka puani mwa mkaguzi. Mzito, mvi mabegani, macho ya mtu aliyekuja kudai haki yake. Mkaguzi akaruka kitini, mikono ikajikunja kifuani yenyewe.

"Shikamoo!"

Shemeji akamtazama toka juu hadi chini, akachukua ndizi kwenye mkoba wa mkaguzi, akampa mgongo, na kwa nyani "mgongo" ni kusema kwa adabu tu.

"Haitikii huyo," Mama Mvua akasema. "Nimeyaandika hayo tarehe kumi."

Mkaguzi akaketi. Akaandika "Hawapo". "Lakini mama, kuanzia leo andika majina yao halisi. Na ile shikamoo..."

"Shikamoo gani?"

Kesho yake saa tatu Mama Mvua akasoma chupa, akatii agizo. Bosi wa mjini alipofungua daftari mwisho wa mwezi, alikuta:

"Milimita tisa. Nyani dume mmoja kapita. Anamjibu mkaguzi: marahaba."