Hapa Wanapiga Wenzangu

Juzi, kwenye runinga ya saluni hapa Bombambili, niliona bendi kubwa ya jazi. Mpiga tarumbeta mmoja alikaa kimya akisubiri zamu yake, nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, alikuwa nyumbani na tarumbeta yake akijifunza muziki mrefu uliotungwa kwa ajili ya tamasha. Chumba kilinuka tumbaku. Alipuliza kidogo, akanyamaza, mguu ukigonga sakafu.

"Baba, umesahau tena?"

Alicheka. "Sijasahau, mama. Hapa wanapiga wenzangu. Wasikilize."

Nilichungulia mlangoni kuwatafuta. Ilipita baiskeli tu.

Nilitamani kuusikia muziki wote, lakini tamasha lilikuwa mbali, sikupelekwa. Sasa tumemzika. Jioni naimba kipande chake peke yangu, na nikifika pale aliponyamaza, sina cha kuimba.