Mgambo wa Bi Zena

Harufu ya udongo uliokaa na maji siku nyingi ndani ya kopo si ya kusifiwa mbele za watu. Lakini ikinipitia puani, iwe kwenye ngazi za maghorofa ya Upanga au kwenye kibaraza cha mtu, mimi hutabasamu peke yangu, na anayenitazama awaze lake.

Tulikuwa tumepanga Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na bomba uani. Miaka ile ya Ujamaa karibu kila kitu kilipangiwa foleni, ila bomba letu, Mungu ashukuriwe, lilikuwa linatoa maji. Chumba kilichotazamana na chetu alikaa Bi Zena, mwanamke wa Lindi, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, asiye na mtoto na asiye na papara. Ndani kwake, karibu na dirisha, kwenye kopo la maziwa ya unga, uliishi mmea wa majani marefu manene yenye kingo za njano. Bi Zena aliuita Mgambo, kwa vile ulivyosimama wima kama mgambo gwarideni. Mama yake ndiye aliyemfungia kichipukizi chake kwenye kanga siku alipotoka kwao.

Nilikuwa na miaka minane zilipofika habari kwamba mama yake huyo yu hoi. Bi Zena alifunga mzigo asubuhi ileile. Mama yangu akaachiwa ufunguo, mimi nikaachiwa Mgambo.

"Hana makuu huyu," aliniambia. "Udongo ukikauka, mpe maji mara moja. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Bi Zena."

Na kweli nilisikia. Bi Zena alikusudia mara moja tu, kisha nimwache. Mimi nilielewa upesi, bila kuchelewa, kama mama alivyozoea kunituma dukani: "Nenda mara moja!" Na kwa joto la Dar, udongo wa juu ulikuwa unakauka hata kikombe sijakirudisha. Asubuhi kabla ya shule, mchana, jioni, nikawa mtu wa kukimbia na kikombe cha bati, maji yakinichuruzika miguuni. Msinicheke; nilijiona nina kazi ya maana kuliko watu wazima wote wa nyumba ile.

Wiki ya tatu Mgambo akaanza kulegea. Nikaona ana kiu, nikamwongezea. Jani moja likainama, la pili likalala, na nilipolishika likabaki mkononi, teketeke, linanuka. Niliogopa nikashindwa hata kula. Mmea ule ulitoka kwa mama yake Bi Zena, na mama mwenyewe alikuwa mahututi. Akilini mwangu nilishamuua mmoja, na pengine na wa pili. Mama yangu alifuata harufu, akanikuta nalia. Alimwaga maji, akakata kilichooza, kikabaki kipande kimoja kama kidole gumba.

"Sasa usimguse," alisema. Sijawahi kupewa adhabu ngumu kuliko ile.

Bi Zena alirudi baada ya miezi miwili, mama yake amekwisha kuzikwa. Alikuwa amekonda. Nyumba nzima ilimpa pole, naye alijibu kila mtu, "Nimeshapoa," macho makavu kabisa, akaingia chumbani. Nilimfuata.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba. Mgambo wangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Alikitazama kile kipande, akauliza nilikuwa nampa maji mara ngapi.

"Kila akikauka. Mara sita kwa siku, siku nyingine hata nane. Si ulisema mara moja? Wallahi sikuchelewa hata siku moja."

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani ameshika mbavu, halafu kicheko kikageuka kilio, kilio cha sauti, uso kaufunika kwa kanga. Wanawake wakaja mbio kutoka uani. Mimi nikatoroka nikajificha chini ya kitanda chetu, nikijua nimemliza mtu mzima.

Jambo lile lilinikaa rohoni miaka mingi. Nilipokuwa nimeshaolewa nilimtembelea Buguruni, alikohamia, nikamwomba radhi. Alinishangaa.

"Radhi ya nini tena? Mvua zilikata njia ya kusini, nikafika kwetu matanga yameshaanuliwa. Wenzangu walishalia, wakanyamaza, wakarudi mashambani. Nikaona haya kuanza kulia peke yangu. Nikarudi nacho kilio Dar, kimenikaba hapa." Alijigusa kooni. "Wewe ndiye uliyekitoa. Kila nikimwombea mama yangu, na wewe nakuombea."

Namshukuru mpaka leo kwa kuniambia. Siku ile nililia palepale kwenye mkeka wake, na Bi Zena hakuninyamazisha.