Povu la Hilda Raine

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuamua kwa haki hapa. Hilda Raine alikuwa jirani yangu miaka thelathini, ukuta kwa ukuta, kwenye mtaa wetu wa wachimba makaa huko Durham, kaskazini mwa Uingereza, na bia yake nimeinywa sana. Watu wa kusini wanapenda bia tulivu kama maji ya kuoshea vyombo. Shauri yao. Kwetu bia isiyo na povu hata mkweo humpi.

Wanaume wa mtaa wote walipika bia majumbani, na wote walikwama palepale, kwenye sukari ya mwisho ile inayozaa gesi ndani ya chupa. Walitia nusu kijiko kila chupa, kwa kukadiria, huku wakipiga soga. Chupa moja ikalala kama chai ya jana, nyingine ikapasuka chini ya ngazi na kuamsha nyumba nzima. Hilda aliwacheka. Yeye alipima kwa mizani wakia tatu za sukari kwa chupa arobaini, akaichemsha na kikombe cha maji, akaiacha ipoe, akaimimina kwenye ndoo safi. Ndipo akaiteremshia bia juu yake kwa bomba la mpira, polepole, bila kuipigapiga, kila chupa ipate sawa na mwenzake. Wiki mbili karibu na jiko, kisha stoo ya baridi. Ukimimina, povu lilikaa juu ya glasi mpaka tone la mwisho.

Kila Septemba klabu ya wachimba makaa wa mtaa wetu ilishindanisha bia za wanachama, na mwanamke hakuruhusiwa kuwa mwanachama. Aliingia ukumbini kama mgeni wa mumewe, akakaa, akanyamaza. Kwa hiyo bia ya Hilda ilipelekwa kwa jina la Wilf, mumewe, na miaka miwili mfululizo Wilf alirudi na kikombe cha ushindi.

"Nimechoka kukisugua kikombe cha Wilf," Hilda aliniambia mwaka ule wa tatu, tukianika nguo. "Nataka jina langu litajwe mle ndani. Hata mara moja."

Nikamwambia ajaribu kuota ndevu kwanza. Hakucheka, nami nikaona aibu.

Siku ya mashindano waamuzi walionja bia kwa namba. Namba saba ikashinda, povu lake bado limesimama wakati ya wenzake yameshanywea. Mwenyekiti Cuthbert Tulip, mtu wa kanuni hadi kwenye vifungo vya koti, akashika kipaza sauti.

"Wilf Raine tena! Njoo, bwana, na leo hutoki bila kutuambia. Sukari unatia kiasi gani?"

Wilf akajikuna shingo. "Sijui."

"Hujui vipi, na bia ni yako?"

"Mimi kazi yangu kunywa, Cuthbert. Mpishi yule pale."

Ukumbi mzima ukageuka. Hilda akasimama, mkoba kifuani, uso mwekundu.

"Wakia tatu kwa chupa arobaini," akasema. "Na hupimwa kwa mizani, si kwa mdomo."

Watu wakaangua kicheko. Cuthbert hakucheka. Aliinama na katibu wake juu ya kitabu cha kanuni, wakanong'onezana, kisha akajiweka sawa na kukohoa. Bia ya asiye mwanachama huondolewa, na kanuni ilimtaka amtangaze kwa jina aliyeitengeneza, na kanuni ni kanuni.

"Bia namba saba," akasoma, sauti yake ikijaa ukumbi, "iliyotengenezwa na Hilda Raine, imeondolewa mashindanoni. Kikombe kinakwenda kwa wa pili."

Nilimtazama Wilf, nikadhani ataanza ugomvi. Nilimtazama Hilda, nikadhani atalia, nami machozi yalikuwa yameshanilengalenga. Kumbe mwenzangu anatabasamu mdomo wazi, kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia, Cuthbert!" akapaza sauti. "Huku nyuma hatujasikia!"

Na Cuthbert Tulip, kwa kuwa ni mtu wa kanuni, akarudia.