Mwana wa Mbwa wa Bahari

Harufu ya sandarusi ikinipata popote, hata sasa kwa uzee huu, narudi mara moja kwenye ua wa shangazi yangu, Bi Sikudhani, mjini Bagamoyo, siku zile Wadachi walipokuwa bado hawajapandisha bendera yao. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale ulioganda ardhini ukawa mgumu na wa manjano. Wachimbaji kutoka huko Kiwangwa waliuleta mjini kwa vikapu, Wahindi wakaununua na kuupeleka ng'ambo, na kidogo kilibaki kwetu. Mpangaji wetu wa chumba cha uani aliuyeyusha katika sufuria kuukuu, akaupaka kwenye milango na masanduku aliyoyatengeneza mpaka yakang'aa. Harufu yake tamu na kali kidogo ilichanganyika na ya maranda ya mvule, ikaingia kwenye mikeka, kwenye nywele zangu, hata kwenye wali. Shangazi alilalamika kila siku kwamba anakula mlango. Alilalamika huku akila.

Nyumba ilikuwa kubwa na watu wake wachache. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Baba yangu, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa bara na msafara wa pembe, na aliondoka zamani mno hata nikawa namkumbuka vipande vipande: ndevu, pete, kikohozi. Mama yangu alikufa nikiwa bado nanyonya. Alikuwa suria, baba alimnunua kwa watu waliomleta kutoka bara, nyumba ikampa jina la Faida, na kwa jina hilo akazikwa. Mimi kwa sheria nilikuwa muungwana kama baba, na hakuna aliyenipiga wala kuninyima chakula. Ila watoto wa mtaani, tukigombana kidogo tu, walinitajia babu zao mpaka yule aliyelala kwenye makaburi ya Kaole, kisha wakaniuliza, "Na wewe Zena, kwa mama?" Mchezo ukaniishia hapo. Nikawa nakaa uani peke yangu nikisuka ukili wa mikeka, na siku nzima ikapita bila mtu kuniita isipokuwa kwa kunituma.

Kilichoniuma zaidi ni kisomo cha Shaabani. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa kufunga, nyumba yetu iliwasomea wafu wake. Wanaume walikaa barazani pamoja na mwalimu, sisi wanawake nyuma ya pazia. Shangazi akapeleka majina, na mwalimu akayataja moja moja kabla ya Fatiha. Majina ya upande wa baba yalikuwa mengi na mazuri, fulani bin fulani bin fulani, yakifuatana mpaka ukasahau yalikoanzia. Mwisho kabisa, sauti ikiwa imekwisha kuchoka, mwalimu alisema, "Na mama wa mtoto Zena." Basi. Nilitamani siku moja atajwe kwa jina lake, lile alilopewa na mamaye huko kwao, maana Faida naona lilikuwa furaha ya mnunuzi tu. Nilipomwuliza shangazi, hakuinua macho kwenye ungo wa mchele. "Baba yako akirudi, muulize yeye." Kwa hiyo watoto wengine walipowangoja baba zao kwa ajili ya nguo na shanga, mimi nilimngoja wangu kwa ajili ya neno moja.

Yule mpangaji wetu wa uani alikuja kwa miguu yake akitokea kwa mapadri, sanduku la zana begani. Alikuwa seremala wa meli. Homa ilimshika Unguja, wenzake wakamwacha. Mapadri walimtibu mpaka akaweza kusimama, kisha akawatoroka kwa sababu, kama alivyosema, wao walikuwa Wafaransa na walimsemesha Kifaransa hata usingizini. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu, mwenye ndevu za rangi ya kutu, na Kiswahili alichokiokota bandarini kilikuwa na matusi mengi ambayo hakujua kuwa ni matusi. Watu walimwita Mwingereza. Siku moja alimsimamisha mchota maji mlangoni, akamweleza kwa hasira kwamba yeye si Mwingereza, ni mtu wa kisiwa cha jirani ambacho Waingereza walikichukua. Mchota maji alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, Bwana Mwingereza," akaenda zake.

Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa lile lile la watoto wa mtaani: "Wewe binti nani?" Nikamtajia baba. "Na mama?" Nikaendelea kusuka. Nafikiri aliona, maana hakuuliza tena. Akaanza kunieleza habari za kwake. Jina la ukoo wake lilikuwa Makinamara. Kipande cha kwanza, alisema, ni kama bin yetu, yaani mwana wa. Koo nyingine za huko hutanguliza neno jingine lenye maana ya mjukuu wa. Kilichobaki ni jina la mtu mmoja wa zamani sana, jumbe wa pwani yao, hodari wa vita, ambaye watu walimwita Kumara, maana yake mbwa wa bahari. Watoto wake wakaitwa wana wa Kumara, na wajukuu, na vitukuu, na hata baada ya watu kusahau sura yake jina likaendelea kutembea. Nikamwuliza taratibu kama nimesikia sawasawa: mwana wa mbwa? "Mwana wa mbwa wa bahari," akasema, na kifua kikamfura.

Shangazi alikuwa dirishani. Alitoka na kata ya maji mkononi. "Mtu mzima, na ndevu zako, unajiita mwana wa mbwa? Tena uani kwangu, mbele ya mtoto?" Makinamara akajitetea kwamba kwao mbwa ndiye mlinzi wa nyumba, na shujaa hawezi kuitwa simba kwa sababu simba hawako. "Basi mngemwita paka," shangazi akasema, akamwaga maji pale alipokuwa ameketi, akaamuru nguo zake zifuliwe mbali na zetu. Siku nyingi alimpelekea chakula bila kumsemesha. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa mpweke kuliko alivyokubali, akaanza kupita karibu na chumba kile akijifanya anakagua mbao, na mara akauliza, kama mtu asiyejali, huyo jumbe alikuwa na wake wangapi.

Ndivyo tulivyozisikia habari za ukoo ule, shangazi na ungo wake, mimi na ukili wangu. Walikuwako Makinamara ambao kazi yao ilikuwa kumtawaza mfalme: mfalme wa upande ule hakuwa mfalme mpaka mmoja wao amkabidhi fimbo nyeupe. Walikuwako waliojenga ngome za mawe, na mmoja aliyewajengea watawa nyumba ya ibada. Alikuwako mshairi aliyevuka bahari, na huko alikofika akatunga mashairi ya kuililia milima ya kwao. Wengine, nchi ilipochukuliwa, walikwenda kuwa askari wa wafalme wa kigeni. Babu mmoja aliitwa Shida, kama jirani yetu mmoja, na shangazi akatikisa kichwa kwa masikitiko mpaka alipoambiwa kwamba kwao maana yake ni hariri. Mwisho ikaja njaa. Makinamara wetu alikuwa bado mtoto. Viazi, chakula chao kikuu, vilioza ardhini, na jamaa zake wakazikwa shimo moja. Waliobaki walipanda meli. Hadithi ilipofika hapo aliokota randa, akaulainisha tena ubao ambao ulikuwa umekwisha kulainika.

Homa ilimrudia masika yalipoanza. Alilala akitaja mababu zake kwa sauti, kutoka kwake mwenyewe mpaka Kumara, kama alivyofundishwa na baba yake mbele ya moto. Siku moja aliniita. "Zena, sina mke, sina mtoto. Nikifa hakuna wa kuwataja hawa. Wewe una kichwa kizuri. Washike." Nikawashika. Nilikunja jani moja la ukili kwa kila jina, Mahoni, Loklani, Shida, Fini, Makoni, na wengine kati yao, mpaka Kumara, na nilipokosea alinirudisha mwanzo bila huruma. Nilimwonea wivu mkali. Mtu anakufa katika chumba cha kupanga, hana hata mto wa maana, lakini ana baba nyuma ya baba mpaka zamani za zamani. Mimi mwenye kwetu sikuwa hata na mama mmoja wa kumtaja.

Alikufa alasiri moja, mvua ikinyesha. Mapadri walikuja kumchukua, wakamzika kwao kwa ibada yao, nasi hatukwenda. Shangazi alifagia chumba, akafika kwenye maranda ya mwisho, akasita, akayaacha kwenye kona. Mimi nilirudi mahali pangu uani. Sikuwa nimejua kwamba ile kelele ya randa ndiyo iliyokuwa ikinisemesha mchana kutwa, na ilipokoma nilijiona mdogo sana katika ua ule. Nikasuka, nikayanong'ona majina yake, maana nilimwahidi.

Msafara wa baba ulirudi mwezi wa Shaabani bila baba. Mnyapara wake alikuja barazani akasimama, hakutaka kukaa, akasema ndui ilimchukua safarini nao wamemzika njiani kwa heshima zote. Shangazi alilia mpaka majirani wakajaa. Mimi sikulia kwanza. Nilikaa chini ya dirisha nikiwaza jambo moja tu, kwamba neno langu limezikwa pamoja naye huko nisikokujua. Baadaye nikalia, watu wakasema mtoto anamlilia baba yake, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Hitima ya baba ilifanywa pamoja na kisomo cha mwaka. Watu walijaa barazani hadi njiani, wazee wa Kaole wakiwa mbele, na sisi nyuma ya pazia tulibanana goti kwa goti. Majina ya upande wa baba yakasomwa, lake likiwa jipya mbele ya mengine. Nikainamisha kichwa nikingoja "na mama wa mtoto Zena." Halikuja. Mwalimu alikohoa, akaanza polepole, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi. "Na upande wa mama wa Zena: Mahoni bin Loklani, bin Shida, bin Fini, bin Makoni, bin Kumara." Lile la mwisho alilirudia ili alitamke vizuri zaidi. Kisha akasema, "Al-Fatiha," na baraza nzima ikainua mikono kuwaombea wana wa mbwa wa bahari.

Wanawake wakanigeukia. Bi Shida, yule jirani, alinishika mkono na macho yake yalikuwa na maji. "Kumbe kwa mama mna watu," alisema, "na somo yangu yumo." Mwingine akanong'ona kwamba wakubwa wa Manyema huko bara ndivyo wanavyoitwa, yeye amewahi kusikia. Jioni ile watoto walewale wa mtaani walinipisha njia. Nilipaswa kufurahi. Lakini niliyajua majina yale jani kwa jani, na nilimjua aliyeyapeleka kwa mwalimu, kwani hakuna mtu mwingine aliyeyasikia nikiyanong'ona.

Nilimkuta shangazi akiosha sinia za pilau. Nikamwambia, "Shangazi, wale si wa mama." Akasema, "Najua." Akaendelea kusugua. "Yule bwana amekufa nyumbani kwangu, hana wa kumtaja. Wewe huna wa kutajiwa. Nikaona niwaunganishe. Nilikuwa na nini kingine cha kukupa?" Nikamwuliza basi mama yangu aliitwa nani kabla hajaitwa Faida. Sinia ikamtulia mikononi. Usoni kwake niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mkubwa.

"Hatukumuuliza, mwanangu," alisema. "Alikaa nasi humu ndani, tukala naye, akakuzaa wewe. Hakuna aliyemuuliza. Hata baba yako."

Leo Bagamoyo imenyamaza. Misafara ya pembe haiji tena, serikali imehamia Dar es Salaam, na ule ua wa shangazi umeota kisamvu. Kila mtu sasa ana asili yake tayari mdomoni. Walio na uwezo wamejiletea mababu kutoka Shirazi, na nyumba ambazo jana zilikuwa na suria na watwana leo hazikumbuki kuwa nao. Wajukuu wangu nao hujisifu shuleni kwamba kwa bibi wana damu ya jumbe Kumara. Wakati ule niliona uchungu kwamba nilikuwa mtoto pekee asiye na jina la upande wa mama. Sasa naona tulikuwa wengi mno, ila kila mmoja alinyamaza uani kwake.

Desturi yetu ni kwamba maiti akiisha kulazwa kaburini, mwalimu humwita kwa jina la mama yake amkumbushe majibu ya kuwapa malaika kaburini. Asiyejulikana mama yake huitwa kwa jina la Hawa, mama wa watu wote. Nimewausia wajukuu wangu kwamba siku hiyo wasithubutu kusema binti Faida. Waseme Zena binti Hawa. Mdogo wao akaniuliza, "Kwani bibi, mama yako hasa aliitwa nani?" Na mimi, ninayeweza kumtajia mababu wa seremala wa kigeni mmoja baada ya mwingine mpaka mbwa wa bahari bila kukosea, nikamwambia, "Hakuna aliyemuuliza, mjukuu wangu."